Bao la Ramli na Bao la Goli

Mechi yenyewe haikuwa na uzito wowote. Tarehe 20 Agosti 2014 timu mbili za Amerika Kaskazini zilikutana mtandaoni kucheza Counter-Strike: Global Offensive katika ligi ya CEVO, kwenye ramani iitwayo Season. Hapakuwa na ukumbi, hapakuwa na vuvuzela, hapakuwa na kombe juu ya meza. Vijana kumi, watano kila upande, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Upande mmoja walikuwa iBUYPOWER, timu iliyohesabiwa miongoni mwa bora kabisa za bara lile. Siku chache tu nyuma ilikuwa Cologne, Ujerumani, kwenye mashindano yenye zawadi ya dola 250,000, ingawa iliishia kwenye makundi. Upande wa pili walikuwa NetCodeGuides.com, timu ambayo jina lake linasomeka kama anuani ya tovuti. Katika gemu hii, wakati huo, wa kwanza kufikisha raundi 16 ndiye aliyekuwa mshindi. iBUYPOWER wakapigwa 16 kwa 4.

Mtu wa soka atasema: sasa hapo ajabu iko wapi? Timu kubwa hufungwa na ndogo kila wiki, na ndiyo raha ya mchezo. Ni kweli. Lakini kuna mahali ambapo matokeo haya yaliumiza watu wengi kwa mpigo, na mahali hapo ndipo panaponivuta kuandika. Ni kwenye tovuti iliyoitwa CSGO Lounge.

Turudi nyuma mwaka mmoja. Agosti 2013 Valve, kampuni yenye gemu hiyo, iliingiza kitu kipya: skini. Skini ni rangi na michoro ya kuvalisha bunduki au kisu chako ndani ya gemu. Haiongezi nguvu ya risasi wala haikufanyi ulenge vizuri. Ni pambo tu, kama kanga nzuri au sahani za ukutani. Ila baadhi ya skini ni adimu, na kitu adimu kinachoweza kubadilishana mikono kitapata bei, utake usitake. Haukupita muda mrefu visu visivyoshikika vikawa vinauzwa kwa mamia ya dola. Vijana wakawa na mali. Wengi wao walikuwa hawajafikia umri wa kufungua akaunti ya benki, lakini mali walikuwa nayo.

CSGO Lounge ikawapa mahali pa kuiweka. Unachagua mechi, unachagua timu, unaweka skini zako, roboti ya tovuti inazipokea kupitia Steam. Mechi ikiisha, walioshinda wanagawana za walioshindwa. Hakuna mtu ofisini anayepanga odi. Odi zinapangwa na chungu chenyewe. Chukulia watu 100 wameweka skini ya dola moja moja, 90 kwa timu ya kwanza na 10 kwa ya pili. Tovuti inaandika asilimia 90 kwa 10. Ya kwanza ikishinda, wale 90 wanagawana dola 10, kila mmoja anaambulia kama senti 11 juu ya dola yake. Ya pili ikishinda, wale 10 wanagawana dola 90, kila mmoja anaondoka na dola 9 za nyongeza. Mcheza mikeka wa Buguruni au Kawangware hahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo.

Ile asilimia 90 ilikuwa na maisha yake nje ya kamari. Watazamaji wasioweka chochote waliiangalia kujua nani anapewa nafasi. Watangazaji waliitaja. Ilikuwa namba ya utabiri, imetengenezwa na maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja kachangia punje yake ya ujuzi. Kwa mechi ya tarehe 20 Agosti, namba hiyo ilikuwa upande wa iBUYPOWER kwa mbali. Na namba ilikosea. Au niseme, namba ilikuwa sahihi kwa kila jambo isipokuwa moja ambalo watu wachache tu walikuwa wanalijua.

Wazo kwamba bei inaweza kuwa utabiri ni la zamani kuliko kompyuta, zamani kuliko hata hisa za kampuni. Roma ya karne ya 16 ilikuwa na madalali waliochukua madau juu ya nani atakuwa Papa. Walikaa mtaa wa mabenki, na odi za makadinali zilipanda na kushuka kila siku ya uchaguzi, na kuandikwa kwenye zile barua za habari za mkono zilizosambazwa kwa wafalme na wafanyabiashara. Uchaguzi ulifanyika nyuma ya milango iliyofungwa, lakini makadinali walikuwa na watumishi, na watumishi walikuwa na midomo. Habari ikivuja ndani, odi zinasogea nje. Mwaka 1591 Papa Gregory XIV akachoka. Akatoa amri ya kupiga marufuku madau juu ya uchaguzi wa Papa, juu ya muda atakaotawala Papa, na juu ya nani atafanywa kadinali. Adhabu ilikuwa kutengwa na Kanisa.

Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara nabaki na swali lile lile. Papa aliogopa nini hasa? Kubahatisha kwenyewe ni dhambi ndogo, na Roma ilikuwa na dhambi kubwa za kutosha kushughulika nazo. Nadhani aliogopa mwendo wa kurudi nyuma. Odi za nje zikisema kadinali fulani anaelekea kushinda, kadinali mwenye wasiwasi humo ndani anasikia, na kura yake inafuata upepo. Na aliyeweka dau kubwa nje anapata sababu ya kutafuta jamaa yake aliye ndani.

Kiswahili kina neno ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu nianze kufuatilia mambo haya. Neno lenyewe ni bao. Mpiga ramli anapiga bao: anatandaza mchanga, anachora, anakwambia yajayo. Mshambuliaji naye anafunga bao, na mtaani tunasema kapiga bao. Wazee barazani wanacheza bao, kete mkononi, akili shimoni. Ramli, goli na mchezo, vyote vimekaa kwenye kibao kimoja na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu msongamano. Kinachotusaidia tusichanganyikiwe ni kwamba tunajua aliyepiga lile la kwanza siye aliyepiga la pili. Mpiga ramli hayumo uwanjani. Mshambuliaji hana mchanga.

Amerika walilichukua lile bao la kwanza na kulifanya sayansi. Kabla ya kura za maoni kuwa jambo la kawaida, magazeti ya New York yalichapisha odi za uchaguzi wa rais kutoka kwa madalali wa Wall Street. Wanauchumi Paul Rhode na Koleman Strumpf walizikusanya odi hizo. Kati ya chaguzi 15 kuanzia 1884 hadi 1940, aliyekuwa anaongoza katikati ya Oktoba alishinda mara 11, tatu zilikuwa nusu kwa nusu, na mara moja tu, 1916, aliyepewa nafasi ndogo ndiye aliyeshinda. Huyo alikuwa Woodrow Wilson. Rekodi hiyo wachambuzi wetu wa siasa wangeinunua kwa mkopo.

Halafu 1988 Chuo Kikuu cha Iowa kikaanzisha soko dogo la majaribio. Walimu wa pale walikuwa wameshangazwa na kura za maoni zilizoshindwa kuona ushindi wa Jesse Jackson huko Michigan, wakajiuliza kama soko lingeona. Kila mtu aliruhusiwa kuweka hadi dola 500, ili kusudi liwe kusoma na siyo kutajirika. Nyuma ya jaribio hilo kulikuwa na wazo ambalo Friedrich Hayek alikuwa ameliandika mwaka 1945: ujuzi wa jamii hauko kwenye kichwa cha mtu mmoja, umetawanyika vipande vipande, na bei ndiyo inayouokota na kuuweka pamoja. Mwenye kipande anakileta kwa sababu atalipwa akiwa sahihi. Asiye na kipande anakaa pembeni au anapoteza hela yake.

Ni wazo zuri. Nakiri linanivutia, maana mimi ni mwandishi wa habari na kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuokota vipande, tena kwa mshahara usiobadilika niwe sahihi nisiwe sahihi.

Lakini angalia kilichotokea 2003. DARPA, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, iliunga mkono mradi wa soko la kutabiri matukio ya Mashariki ya Kati. Mwanauchumi Robin Hanson alikuwa mmoja wa waliolibuni. Mwezi Julai maseneta wawili, Ron Wyden na Byron Dorgan, wakaitisha mkutano na waandishi, na siku ya pili yake mradi ukafutwa. Hoja iliyowashtua watu ilikuwa rahisi mno: itakuwaje gaidi akiweka dau juu ya shambulio lake mwenyewe? Watetezi wa soko walijibu kwamba hilo lingekuwa zuri, kwani bei ingesogea na sisi tungejua mapema. Kwa mujibu wa nadharia, wanasema kweli. Anayejua siri akiingia sokoni, namba inakuwa sahihi zaidi. Siri inavuja kwa njia ya bei.

Sasa ihamishie hoja hiyo kwenye mechi ya vijana kumi.

Uchaguzi wa rais una mamilioni ya wapiga kura, hakuna mmoja anayeweza kuukunja peke yake. Mvua haimsikilizi mtu. Ila matokeo ya mechi ya Counter-Strike yako mikononi mwa watu wasiojaa hata daladala moja. Mchezaji akichelewa nusu sekunde kugeuka, nani atasema alikuwa anauza mechi au alikuwa na usingizi? Kwenye soka golikipa akiachia mpira mwepesi dunia nzima inamzomea. Kwenye gemu, kosa ni kidole kilichochelewa. Ushahidi haupo uwanjani.

Korea Kusini walikuwa wameshaliona hili mapema, kwa sababu waliona kila kitu cha gemu mapema. StarCraft ilitoka 1998, wakati nchi inajikwamua kwenye msukosuko wa fedha wa Asia. Vibanda vya kompyuta vikajaa vijana, vituo vya televisheni vikaanza kurusha mechi, na miaka michache baadaye fainali zilijaza ufukwe wa Gwangalli kule Busan. Kati ya nyota wote wa enzi hiyo, Ma Jae-yoon, aliyejulikana kama sAviOr, alikuwa wa daraja la pekee. Alishinda ligi ya MSL mara tatu na OSL mara moja. Watu walimwita Maestro. Mtindo wake haukuwa wa kasi ya vidole, alionekana kama mtu anayejua mpinzani atafanya nini dakika tano zijazo. Mpiga ramli kweli kweli.

Machi 2007 akafungwa fainali tatu bila na kijana Kim Taek-yong, na hakurudi tena juu. Kisha 2010 waendesha mashtaka wa Seoul wakatangaza kwamba wachezaji wa StarCraft walikuwa wanapanga matokeo kwa ajili ya tovuti haramu za kamari, na jina la Ma likawemo. Kosa lake halikuishia kwenye kucheza. Alikuwa dalali, daraja kati ya wenye fedha na wachezaji wadogo. Chama cha mchezo kikawafungia wachezaji 11. Ma akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kikaahirishwa, pamoja na saa 120 za kazi za jamii. Mtu aliyesifiwa kwa kuona mbele akawa anauza mbele yenyewe.

Unaweza kudhani funzo hilo lilitosha. Novemba 2014 kijana mwingine wa Korea, Lee Seung-hyun, jina la mchezo Life, akatwaa ubingwa wa dunia wa StarCraft II. Januari 2016 akakamatwa. Mahakama ilikuta kwamba Mei 2015, miezi sita tu baada ya ubingwa, alipoteza mechi mbili kwa makusudi akalipwa won milioni 70. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa, faini ya kiasi kile kile cha hela, na kufungiwa maisha. Bingwa wa dunia! Kila ninapofika hapo nasimama kidogo. Tunajifariji kwamba wanaouza mechi ni wale wenye njaa, lakini Life alikuwa ameshakula.

Turudi Season, maana ndipo palipo na mambo.

Mwandishi Richard Lewis alianza kuuliza maswali ndani ya siku chache baada ya mechi. Habari yake ya kwanza haikufika mbali. Tuhuma bila karatasi ni maneno ya kijiweni. Januari 2015 akarudi akiwa na karatasi: ujumbe wa simu ambao Derek Boorn, mchezaji wa NetCodeGuides, alikuwa amemtumia mpenzi wake wa zamani, akizungumza wazi kwamba mechi ilipangwa. Sijui kama kuna riwaya ya ujambazi iliyoandikwa vizuri zaidi ya hapo. Mipango ya siri, akaunti za bandia, wataalamu wa kompyuta wa kutosha, na kilichowaangusha ni SMS kwa mtu waliyeachana naye.

Lakini ujumbe ulifungua mlango tu. Kilichowamaliza ni skini zenyewe. Kijana aitwaye Duc Pham alikuwa ameweka madau dhidi ya iBUYPOWER kwa kutumia akaunti kadhaa, akashinda mali yenye thamani ya zaidi ya dola 10,000. Sasa, noti ya dola ikishatoka mkononi haikumbuki ilikotoka. Skini inakumbuka. Kila kuhamishwa kwa kila kisu kumeandikwa kwenye mitambo ya Valve. Tarehe 26 Januari 2015 kampuni ikatoa taarifa kwamba imezipitia kumbukumbu za akaunti na kuthibitisha: vitu vingi vya thamani alivyoshinda Pham vilihamishiwa kwa wachezaji wa iBUYPOWER na kwa mwanzilishi wa NetCodeGuides. Watu saba wakafungiwa kushiriki mashindano yoyote yanayodhaminiwa na Valve. Mwaka mmoja baadaye kampuni ikasema adhabu hiyo ni ya kudumu.

Wanne kati yao walikuwa wachezaji wa iBUYPOWER: Sam Marine, Joshua Nissan, Keven Larivière na Braxton Pierce. Pierce, aliyekuwa akijiita swag, alikuwa hajafikisha miaka 18 siku ya mechi ile. Mashabiki wengi waliamini ndiye mwenye kipaji kikubwa kuliko wote Marekani. Kwa miaka kadhaa, kila timu ya Marekani ilipofungwa na Wazungu wa Ulaya, kwenye maandishi yanayopita pembeni ya mechi kulijaa wito mmoja wa kumfungulia.

Mimi huwa sina machozi mengi kwa walaghai, ila hesabu ya jambo hili inanikera. Tovuti iliyopokea skini za watoto haikuwa na leseni wala haikuuliza umri. Kampuni iliyotengeneza skini ilikuwa inapata fungu lake kila skini ilipouzwa kwenye soko lake rasmi. Barua za kuzitaka tovuti za kamari ziache kutumia Steam zilitoka Julai 2016, zikipelekwa kwa tovuti 23. Ni mwaka mmoja na nusu baada ya wachezaji kufungiwa. Kijana aliyekuwa na miaka 17 siku ya mechi alipata hukumu ya maisha kabla ya chungu chenyewe kupata hata onyo.

Na kuna wengine waliolipa ambao hakuna aliyewataja. Wale 90 wa mfano wangu. Ambao siku ile walisoma namba, wakaamini, wakaweka kisu walichokipata kwenye sikukuu ya kuzaliwa. Mkeka ukachanika. Kwa nadharia ya soko, wao ni wanunuzi waliokosa taarifa, na hasara yao ni bei ya kufundisha namba kuwa sahihi. Jaribu kumweleza hivyo mtoto wa darasa la nane.

Dostoevsky aliandika riwaya ya mcheza kamari mwaka 1866 kwa haraka ya kutisha, kama siku 26, akimsomea mwandishi wa hati mkato Anna Snitkina, kwa sababu asingemaliza kwa wakati mchapishaji angechukua haki za vitabu vyake. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka dau juu ya kalamu yake. Lakini gurudumu la ruleti, hata lile lililomfilisi, halikujua jina lake. Lilimnyang'anya bila kumfahamu. Ukilinganisha na chungu cha Season, ruleti inaonekana karibu ya kiungwana.

Siyo kila aliyeuza mechi aliishia gizani, na hapa hadithi inapoteza utaratibu wake, kama ilivyo kawaida ya hadithi za kweli. Juni 2013 Alexei Berezin, mchezaji wa timu ya Dota 2 ya RoX.KIS, aliweka dola 100 dhidi ya timu yake mwenyewe kwenye mechi na zRAGE. Angeshinda dola 322. Dola mia tatu ishirini na mbili! Ligi ya StarLadder ikamfungia maisha, kisha ikapunguza hadi mwaka mmoja. Namba 322 ikawa neno. Mpaka leo mchezaji yeyote wa Dota akifanya kosa la ajabu, mashabiki wanaandika tarakimu hizo tatu na kila mtu anaelewa. Berezin mwenyewe alirudi, akawa nahodha wa Virtus.pro, akabeba mataji makubwa ya dunia yenye zawadi ambazo mbele yake 322 ni nauli. Kama angefungiwa milele kama wale wa Season, tusingeona hata taji moja. Na kama wale wa Season wangepewa mwaka mmoja kama yeye? Kila nikijibu swali hili upande mmoja, upande wa pili unaninyooshea kidole.

Leo chungu kimehamia jumba kubwa zaidi. Polymarket ilianza 2020, na Januari 2022 ilitozwa dola milioni 1.4 na mamlaka ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa kwa kuendesha soko bila kusajiliwa. Kalshi ilichagua kuingia kwa mlango wa mbele, ikapata idhini ya mamlaka hiyo hiyo, na Januari 2025 ikaanza kuuza mikataba ya michezo. Nevada na New Jersey wakaiambia: hii ni kamari, tunaijua sura yake. Kampuni ikajibu kwamba ni mikataba, siyo madau. Unanunua Ndiyo kwa senti 63. Timu ikishinda unalipwa dola moja, ikishindwa huna kitu. Na hiyo senti 63, wanasema, ni asilimia 63, ni habari, ni huduma kwa umma.

Mechi za gemu zimo kwenye orodha zao, zimepangwa karibu na riba za benki kuu na vita. Novemba 9, 2025, huko Chengdu, T1 ya Faker ilikuwa nyuma mechi mbili kwa moja dhidi ya KT Rolster kwenye fainali ya dunia ya League of Legends, ikarudi ikashinda tatu kwa mbili. Katika masoko kama haya bei inatembea pamoja na mchezo, pigo kwa pigo, kama mapigo ya moyo yanayosomwa na watu wasiomjua mgonjwa. Faker hana tuhuma yoyote, na jukwaa lile lina macho mengi mno kwa mtu kuuza kitu. Mechi zinazonitia wasiwasi ni zile nyingine. Za Jumatano mchana, ligi ya daraja la pili, mshahara umechelewa, hakuna anayetazama isipokuwa bei.

Kati ya watano wa iBUYPOWER, mmoja hakufungiwa. Tyler Latham, jina la mchezo Skadoodle, alicheza mechi ile ya Season kama wenzake, lakini skini alipopelekewa alizikataa. Januari 2018 alikuwa Boston na Cloud9, fainali dhidi ya FaZe, ramani ya tatu ikaenda hadi muda wa nyongeza, 22 kwa 19, na timu ya Marekani ikatwaa kombe kubwa la Counter-Strike kwa mara ya kwanza. Wenzake wanne hawakuwa na ruhusa ya kusimama kwenye jukwaa lile.

Mwaka 2020 ikatoka gemu mpya, Valorant, mali ya kampuni nyingine, ambako orodha ya waliofungiwa na Valve haina nguvu. T1 ikaunda timu Marekani. Ikamsajili Braxton Pierce, aliyekuwa sasa anajiita brax, kisha Keven Larivière. Mwezi Mei ikamsajili Latham.